Usharika, Mtaa na Meza ya Bwana

Mwanafunzi wa theolojia anayetoka chuoni kwenda katika mafunzo ya vitendo huulizwa na wazee wa kanisa maswali mengi kuhusu bajeti, ujenzi na ratiba. Ni mara chache sana aulizwe usharika wenyewe upo kwa ajili ya nini. Swali hilo hudhaniwa limekwisha kujibiwa zamani. Makala hii inakusudia kulirudia, si kwa sababu mafundisho ya Kanisa letu hayaeleweki, bali kwa sababu yanaeleweka vizuri kuliko matendo yetu. Tutaanza na jina tunalolitumia, tutasikiliza yale ambayo Maungamo yetu yanasema juu ya Kanisa la mahali, kisha tutakaa zaidi juu ya mambo mawili yanayosumbua sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT): mtaa unaokosa Chakula cha Bwana, na deni la fedha linalomfuata marehemu hadi mlangoni pa kanisa.

Jina lenyewe

Ndugu zetu Wakatoliki husema "parokia", neno lenye asili ya Kigiriki lihusulo makao ya watu walio wageni na wapitaji. Sisi Walutheri tumezoea kusema "usharika". Neno hili lina shina moja na kushiriki na ushirika, na ushirika ndilo neno ambalo Biblia ya Union Version imelitumia kutafsiri neno la Kigiriki koinonia katika Mdo. 2:42 na 1 Kor. 10:16. Parokia inataja hali ya watu mahali wanapokaa. Usharika unataja kitu wanachokishiriki. Basi yatupasa kuuliza, watu hawa wanashiriki nini?

Mtume Paulo anajibu bila kuzunguka. Wanashiriki mwili na damu ya Kristo, na kwa kuwa mkate ni mmoja, wao walio wengi wamekuwa mwili mmoja (1 Kor. 10:16-17). Lakini neno hilohilo koinonia Paulo analitumia pia juu ya mchango uliokusanywa Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu (Rum. 15:26, 2 Kor. 9:13). Meza na mchango vina jina moja. Jambo hili ni zuri mno, na wahubiri wa Jumapili ya mavuno wangefanya vema kulifundisha. Ila ni lazima utaratibu wake uangaliwe: kwanza Bwana anawapa watu wake mwili wake, ndipo wao wanapopeana mali zao. Utaratibu huu ukigeuzwa, usharika unabaki na jina lake lakini unakuwa kitu kingine.

Maungamo yanasema nini?

Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl V tarehe 25 Juni 1530, linafundisha katika ibara ya 7 kwamba Kanisa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili huhubiriwa katika usafi wake na Sakramenti hutolewa kama Injili inavyoagiza, na kwamba kukubaliana katika mambo hayo kwatosha kwa umoja wa Kanisa. Msomaji aangalie yale yasiyotajwa. Jengo halitajwi, wala idadi ya washarika, wala uwezo wa kujitegemea, wala ofisi ya dayosisi. Vitu hivi vyaweza kuwa vyema na vingine ni vya lazima kwa utaratibu, lakini havifanyi Kanisa liwe Kanisa. Luther mwenyewe, katika kitabu chake cha 1539 juu ya Mitaguso na Kanisa, alitaja alama saba za kulitambua Kanisa: Neno, Ubatizo, Sakramenti ya Altare, funguo za kufunga na kufungua, watumishi walioitwa, sala pamoja na sifa, na msalaba. Alama ya saba hatuioni katika mipango yetu ya miaka mitano, na pengine ndivyo inavyopasa, kwa kuwa msalaba hauna haja ya kupangiwa tarehe.

Kinachofuata kutokana na ibara hiyo ni kizito kuliko tunavyokubali kwa kawaida. Kusanyiko la watu thelathini chini ya paa la bati huko mbali, likilisikia Neno na kuila Meza, si tawi la Kanisa wala si sehemu ndogo ya Kanisa lililoko mjini. Ni Kanisa. Halipungukiwi na kitu cho chote ambacho kanisa kuu lenye viti elfu moja linacho mbele za Mungu.

Historia yetu yenyewe inashuhudia hivyo. Wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari vikundi vya Wahaya walioipokea Injili kutoka upande wa Buganda, wakikusanyika na kusoma Maandiko bila mmisionari wa kuwaongoza. Na wamisionari wa Leipzig walipoondolewa Kilimanjaro mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sharika za huko hazikufa. Walimu na wazee Waafrika waliendelea kufundisha, kuombea na kuonya. Kabla KKKT haijaundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana makanisa saba, makusanyiko haya yalikuwa Kanisa kwa muda mrefu.

Mtaa usio na Meza

Tuje sasa kwenye hali tuliyo nayo. Katika utaratibu wetu usharika hugawanyika katika mitaa, na mtaa huongozwa na mwinjilisti. Mchungaji ni mmoja, mitaa ni mingi, na barabara ni ile tunayoijua. Mvua za masika zikikata daraja, mtaa wa ng'ambo unangoja hadi maji yapungue. Hata pasipo mvua, mtaa mwingine humpata mchungaji mara moja kwa mwezi, na mwingine mara nne kwa mwaka. Neno linahubiriwa kila Jumapili, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wainjilisti. Sakramenti ya Altare hungoja gari.

Mwinjilisti ndiye anayezijua nyumba zote. Ndiye anayefundisha watoto wa kipaimara, anayewatembelea wazee waliolala kitandani, anayeitwa usiku mtu anapokata roho. Kila Jumapili anasimama mbele ya watu wale wale akihubiri juu ya Mwana-Kondoo, na meza iliyo nyuma yake imefunikwa kitambaa. Tukiulizwa sababu, hutaja ibara ya 14 ya Ungamo la Augsburg, inayofundisha kwamba mtu asihubiri hadharani wala kutoa Sakramenti pasipo kuitwa ipasavyo. Ibara hiyo ni ya kweli, nasi hatutaki kuilegeza. Yeye anayejituma mwenyewe ni hatari kwa kundi, na katika miaka hii ya manabii wanaojitangaza wenyewe tumeona madhara yake. Lakini ibara hiyo inakataza nini hasa? Inakataza kujiita. Haisemi kwamba walioitwa lazima wawe wachache. Uchache huo ni wa mpango wetu, si wa agizo la Mungu.

Tena, waliotuandikia Maungamo hawakuwazia hali kama hii. Katika Utetezi wa Ungamo (1531), ibara ya 24, Melanchthon anaeleza kama jambo la kawaida kwamba katika sharika zao Meza huandaliwa kila siku ya Bwana na katika sikukuu nyingine, na Sakramenti hutolewa kwa wanaotaka kuishiriki. Alikuwa anajitetea dhidi ya waliosema Walutheri wameifuta Misa. Je, mtu akitushtaki kwa neno hilo leo katika mtaa wa mbali, tungejibu nini? Na katika Mkataba juu ya Mamlaka ya Papa (1537), Melanchthon huyo huyo anafundisha kwamba palipo Kanisa, hapo ipo haki ya kuita, kuchagua na kuweka wakfu watumishi, kwa sababu Injili haiwezi kuachwa bila mtu wa kuihudumia.

Kwa maoni yetu ziko njia tatu, na hazifanani kwa uzito. Ya kwanza ni nyepesi na haihitaji kibali cha mtu: ratiba. Mara nyingi mchungaji hushinda Jumapili zake nyingi katika kanisa la makao makuu ya usharika, palipo na watu wengi na sadaka nyingi, na mitaa hugawana zilizosalia. Bado hatujaiona ratiba iliyoanza kuandikwa kwa kutaja kwanza mtaa ulio mbali kuliko yote. Mwinjilisti aliye hodari anaweza kuongoza ibada ya Neno makao makuu, nao washarika wa huko, ambao wengi wao wana usafiri, hawatapungukiwa kwa Jumapili moja.

Njia ya pili ni ya zamani sana. Yustino Shahidi, akiandika Roma yapata mwaka 155, anaeleza ibada ya Jumapili ya wakati wake: masomo, mahubiri, sala, mkate na divai, kisha mashemasi huwapelekea wasiokuwapo sehemu yao. Walutheri wengi husita hapa, na kusita kwao kuna sababu, kwa maana Kanuni ya Makubaliano (1577) inafundisha kwamba Sakramenti ni tendo zima la kubariki, kugawa na kula, wala si kitu cha kuhifadhiwa na kuabudiwa. Lakini mwinjilisti na mzee wa kanisa wakiondoka altareni asubuhi, mbele ya usharika wote, na kufika mtaani siku hiyo hiyo ambako watu wamekusanyika wakisikia Neno na kungoja, hakuna kinachohifadhiwa. Tendo halijakatika; limetembea. Wako wenzetu wasiokubaliana nasi katika hili, na wangefaa kujibu katika kurasa hizi.

Njia ya tatu ni kuwaweka wakfu wainjilisti waliojaribiwa kwa muda mrefu, baada ya mafunzo yanayofaa, ili wahudumu katika mtaa wao tu. Hapo huja pingamizi kwamba tutashusha elimu ya uchungaji. Sisi tunaofundisha vyuoni tuna maslahi katika pingamizi hilo, kwa hiyo yatupasa kulipima kwa uangalifu zaidi kuliko wengine. Lugha za Kigiriki na Kiebrania, historia ya mafundisho na maadili ya Kikristo ni vya lazima kwa Kanisa, na pasipo watu waliovisoma Kanisa hupotoka upesi. Lakini je, ni vya lazima kwa kila mtu anayesema maneno ya Bwana juu ya mkate na kikombe? Mwinjilisti ambaye tumemkabidhi mimbara kwa miaka ishirini, mahali ambapo makosa ya mafundisho hutokea kwa urahisi zaidi, tunamwona hafai kusimama mezani, mahali ambapo maneno yote ameandikiwa. Hilo ni gumu kulieleza kwa ibara yo yote ya Maungamo.

Sanduku la Leisnig

Juu ya fedha wengi husema kwamba Matengenezo hayana la kutufundisha, kwa sababu watawala wa Ujerumani walilitunza Kanisa. Hawaijui habari ya Leisnig. Mwaka 1523 usharika wa mji huo mdogo wa Saksonia ulimwomba Luther ushauri juu ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa haki yao ya kumwita mchungaji, naye akawaandikia kwamba kusanyiko la Kikristo lina haki na uwezo wa kuyapima mafundisho yote, na la kuwaita na kuwaondoa walimu wake. La pili lilikuwa utaratibu wa hazina ya pamoja, ambao Luther aliuandikia dibaji. Waliagiza liwepo sanduku lenye kufuli nne, na funguo zigawanywe kwa makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini, ili mtu wa tabaka moja asilifungue peke yake. Kutokana na hazina hiyo mchungaji angelipwa, shule ya wavulana na ya wasichana ingeendeshwa, majengo yangetunzwa, yatima na wazee wasio na nguvu wangelishwa, na mafundi walioanguka katika biashara wangekopeshwa.

Mpango ule ulikwama. Baraza la mji halikutaka kukabidhi mali za Kanisa zilizokuwa mikononi mwake, jambo ambalo wahazini wa nyakati zote watalielewa. Lakini kusudi lake linabaki mbele yetu kama kipimo. Fedha ilitoka kwa wote, ikalindwa na wote, ikarudi kwa aliyepungukiwa. Yustino pia anasema hivyo: mwenye uwezo alitoa kadiri alivyopenda, na mkusanyo uliwekwa kwa kiongozi wa ibada ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Hatuna haja ya kudharau bahasha, ahadi, minada ya mazao wala harambee. Kwa njia hizo Kanisa letu limejijengea makanisa, shule na hospitali, na mjane anayeleta kuku wake mnadani hufanya hivyo mara nyingi kwa furaha kuliko tajiri anayemnunua. Tatizo huanza pale daftari la mapato linapokuwa kipimo cha usharika wa mtu.

Si jambo geni kusikia kwamba mahali fulani familia imefiwa, na swali la kwanza kuulizwa ni la kadi ya ahadi ya marehemu. Deni likionekana, familia huambiwa ilipe ndipo mchungaji aje, au marehemu huzikwa na majirani bila kengele. Wanaotetea desturi hii husema ni nidhamu, na kwamba asiyeshiriki mzigo hana haki ya heshima. Tunaijua hoja hiyo, na tunajua pia uchungu wa wazee wanaojenga kwa jasho huku wengine wakitazama. Hata hivyo hoja haisimami, na sababu yake ni ya kitheolojia kabla ya kuwa ya huruma.

Nidhamu ya Kanisa ipo, nayo imeagizwa na Bwana (Mt. 18:15-18). Lakini funguo zilitolewa ili kufunga na kufungua dhambi, wala hazikutolewa ili kudai malipo. Nidhamu inamkusudia aliye hai, ili atubu na kurudi kundini, maiti haitubu. Zaidi ya hayo, mazishi ya Kikristo hayamwongezei marehemu kitu mbele za Mungu. Ndivyo tulivyofundisha tangu Matengenezo, tulipokataa misa kwa ajili ya wafu. Ibada ya mazishi ni Injili ya ufufuo inayohubiriwa kwa walio hai, waliosimama kando ya kaburi wakilia. Kwa hiyo tunapoinyima familia ibada hiyo, tunayemnyima Neno si mdaiwa bali mke wake, watoto wake na jirani yake Mwislamu aliyekuja kuzika. Na lililo baya kuliko yote: kitu kinachonyimwa kwa sababu ya deni ni kitu kinachopatikana kwa malipo. Mshiriki anayeiona desturi hii atafanya hesabu mwenyewe, atajitahidi kulipa ahadi yake kabla ya kufa, na ataamini kwamba amenunua kitu. Luther alibishana na jambo hilo mwaka 1517, na hakuna haja ya sisi kulirudisha kwa mlango wa nyuma tukiliita uwakili.

Zipo sharika zilizopata njia nyingine. Anayerudi nyuma katika kutoa hutembelewa nyumbani na mzee wa kanisa wa eneo lake, bila daftari mkononi. Mara nyingi hugundulika kwamba hana kazi, au ana mgonjwa, au amekwazwa na mtu. Kisha huenda ikaonekana kwamba yeye ndiye anayestahili kupokea kutoka katika sanduku.

Jumuiya

Ziara ya namna hiyo hufanyika vizuri zaidi penye jumuiya hai. Luther, katika dibaji ya Misa ya Kijerumani (1526), aliwazia makusanyiko ya nyumbani ya wale wanaotaka kuwa Wakristo kwa bidii, ambako wangesali, wangesoma, wangeonyana na kuwasaidia maskini. Akaongeza kwamba bado hakuwa na watu wa kuanza nao. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi yake kubwa Old Moshi, alijaribu kuujenga usharika juu ya vifungo vya ukoo, ujirani na rika vilivyokuwapo tayari kwa Wachaga. Aliona kweli kwamba mtu haitwi na Injili akiwa peke yake. Lakini ukoo unaweza pia kulimeza Kanisa, na Askofu Josiah Kibira aliuchunguza uhusiano huo kwa upande wa Buhaya katika kitabu chake Church, Clan, and the World (1974). Leo katika Dar es Salaam jumuiya moja inaweza kukutanisha Mchaga, Mnyakyusa, Mhehe na Mhaya katika sebule ya Mpare. Hapo ujirani umebaki bila ukoo, na pengine Gutmann angeshangaa kuona kwamba unashika.

Jumuiya hizi zina hatari yake, nayo ni kugeuzwa kituo cha kukusanyia bahasha. Jumuiya ikikutana alfajiri ya Jumamosi, na baada ya wimbo na sala fupi ikatumia nusu saa kusoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi, watu watajifunza haraka kulala. Mwenyekiti wa jumuiya anayejua ni nani aliyekosa kazi juma lililopita anafanya kazi ya Mdo. 6. Anayejua kiasi cha deni tu anafanya kazi ya mtoza ushuru, na hata Lawi alilazimika kuiacha meza ile ili amfuate Bwana.

Kwa wanafunzi wanaokwenda katika mafunzo ya vitendo tuna ombi moja dogo. Katika ofisi ya usharika yapo madaftari mawili: la mapato, na lile linaloandikwa waliokula Meza ya Bwana. La kwanza husomwa mbele ya watu mara kwa mara. Liombeni la pili, mlifungue pamoja na mchungaji na wainjilisti, mhesabu kwa kila mtaa ni Jumapili ngapi za mwaka uliopita Meza iliandaliwa huko. Andikeni hesabu hiyo kwa mstari mmoja kwa kila mtaa, na mwombe iingizwe katika taarifa ya mwaka itakayosomwa katika mkutano mkuu wa usharika, kabla ya taarifa ya mhazini.